Mshale wa juu au \e: kurudia amri ndani ya psql

Ofisini kwetu Kijitonyama, tukitaka kurudia amri ndani ya psql (programu ya kutuma maswali kwenye hifadhidata ya PostgreSQL), kuna wanaobonyeza mshale wa juu mpaka kidole kichoke, na sisi wa \e.

Kwa swali la mstari mmoja, mshale unatosha. Au bonyeza Ctrl+R, andika "wateja", na amri ya karibuni yenye neno hilo inajitokeza. Historia hukaa kwenye faili la ~/.psql_history.

Tabu huanza swali likifika mistari 30. Kusogeza kielekezi hadi kwenye koma moja huko katikati ni kama kugeuza daladala Kariakoo saa kumi na moja jioni. Hapo \e inafungua swali la mwisho ndani ya kihariri; kwenye Linux ni vi usipochagua kingine, nami nimeweka nano (mnichekee tu).

Ila chunga nukta-mkato (;). Ukihifadhi na kutoka, swali linaloishia na nukta-mkato linatekelezwa papo hapo. Juzi nilifungua DELETE (amri ya kufuta data), nikabadilisha tarehe tu, nikatoka nikidhani nitaulizwa. Sikuulizwa. Siku hizi naifuta kwanza hiyo nukta-mkato, nalisoma swali kwa \p, ndipo nalituma kwa \g.