TAHADHARI: Mnunuzi wa malkia wa chungu amerudi, upande wa Gilgil na Naivasha

Watu wangu, yule mnunuzi wa chungu, yaani sisimizi, amerudi. Wa upande wetu mnamjua, sina haja ya kueleza sura wala gari. Safari hii anajiita mtafiti, na tangu mvua ianze anazunguka akitafuta vijana wa kumwokotea malkia wa wale chungu wakubwa wekundu na weusi. Msimpe hata mmoja. Zaidi ya yote, msimpe kitambulisho.

Aliowatapeli msimu uliopita wamenyamaza kwa aibu, naye anaishi kwa kunyamaza kwao. Basi isemwe hapa, yote.

Alifika asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, saa ileile ambayo malkia hutoka shimoni kuruka. Hakukosea saa. Alishuka na kisanduku, akatoa mirija ya maabara na kuwaonyesha vijana kazi: maji kidogo chini, pamba ya kuyazuia, malkia mmoja, kisha pamba nyingine mdomoni inayopitisha hewa. Akawafundisha kuchagua. Hataki madume, hataki wafanyakazi. Anamtaka malkia aliyekwisha kuangusha mabawa, kwa sababu huyo amekwisha kupandwa, na mbegu aliyoipokea siku hiyo moja itamtosha kutaga kwa miaka mingi. Mtu anayeongea hivi anaonekana msomi, na kweli biashara yake anaijua.

Halafu akatoa barua iliyofunikwa kwa plastiki, ina nembo, ina mhuri mwekundu. Akaipitisha mbele ya macho yao, akairudisha kwenye bahasha kabla mtu hajasoma mstari wa pili. Na kabla swali halijaulizwa, akalipa. Shilingi mia kwa kila malkia, noti mkononi, mbele ya kina mama waliokuwa wakienda sokoni. Ile pesa ya kwanza ndiyo iliyofunga mazungumzo. Nani atamshuku mtu aliyelipa bila kukopa?

Aliporudi alitaka mzigo mkubwa. Watoto wakatolewa shuleni, wazee wakainama mashambani, kila mtu na kikopo chake. Safari hii hakutoa senti. Malipo yangeingia kwa M-Pesa mzigo ukishakaguliwa Nairobi, alisema, na kwa sababu hiyo anahitaji nakala ya kitambulisho cha kila mmoja. Walipompigia, jibu likawa kwamba wengi wamekufa njiani kwa joto la gari, kwa hiyo hasara ni ya waokotaji. Kisha simu ikazimwa. Kijana mmoja akaja kujua baadaye kwamba jina lake ndilo lililoandikwa kama mtumaji wa kifurushi. Mnaelewa maana yake? Kikifunguliwa kile kifurushi, anayetafutwa na polisi ni mtoto wetu, na yule bwana hana jina popote.

Wanaowacheka vijana hawa waache. Hapa kila mtu anajua kuhusu pembe ya ndovu, faru na kakakuona, lakini ni nani aliwahi kuja kijijini kueleza kwamba mdudu naye ana sheria? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inahesabu kila mnyama na mmea wa asili unaoishi porini, mdogo kwa mkubwa. Chungu yumo. Kuokota ili kuuza bila kibali ni kosa, hata kama ameokotwa kwenye shamba lako mwenyewe.

Na korti haikubali kisingizio cha kutojua. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya mirija zaidi ya 2,000. Kesi nyingine ya wakati huohuo ilikuwa ya raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliokuwa na chungu wapatao 400. Wabelgiji walijitetea kwamba hawakujua ni kosa. Mei 2025 wote wanne walipigwa faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, au miezi 12 jela. Someni tena: Mkenya alipigwa faini sawa na wageni. Malkia mmoja wa aina hii ametajwa kufika pauni 170 Uingereza, kwa watu wanaofuga chungu nyumbani kwenye vioo, ambazo ni zaidi ya shilingi 25,000. Anayeokota anapata mia, akibahatika, na mzigo wa sheria anaubeba mzima.

Nchi nayo inaumia. Malkia akitolewa kabla hajachimba, kile kichuguu hakitakuwepo kamwe, maana wafanyakazi wake wote wangezaliwa naye. Chungu hawa hukusanya mbegu za nyasi na kuzisambaza, nyingine huangushwa njiani na kuota, na mashimo yao hulainisha udongo maji yakapenya. Malisho yetu yanategemea kazi hiyo. Na huko wanakopelekwa, wakitoroka kwenye vioo vya wafugaji, wanaweza kuvamia mashamba ya watu.

Mtu huyu afungwe. Asipewe nafasi ya faini, kwa sababu faini anailipa kwa mirija michache na kesho yuko barabarani. Na wanaomkodishia vyumba vya kuhifadhia mzigo nao waitwe waeleze.

Dalili ni hizi, kwa haraka. Anakuja mara tu baada ya mvua. Barua haimwachii mtu aipige picha. Analipa mara ya kwanza tu. Anaomba kitambulisho. Anamwomba kijana akapeleke kifurushi mjini na kuandika ndani kuna vifaa vya shule au vichezeo. Mtafiti wa kweli ana leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kibali cha kukusanya kutoka mamlaka ya wanyamapori, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha rasilimali za kijenetiki, yaani viumbe na chembe zao za urithi, ambacho hakitolewi kabla jamii ya mahali pale haijaelezwa na kuridhia. Chifu atakuwa na habari zake. Na hakuna mtafiti anayenunua malkia kwa mamia kando ya barabara.

Mliotoa nakala za vitambulisho, nendeni kituoni mkaandikishe taarifa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, wiki hii, mkiwa na namba aliyotumia na ujumbe wake wote. Msifute kitu kwenye simu. Mwenye mirija iliyobaki nyumbani asiitupe wala kumwachia malkia mahali pasipo pake. Apige simu ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori, iliyo karibu, aeleze aliipata wapi. Na akionekana tena, namba ya gari kwanza, maneno baadaye.