Blanketi la viraka: kitambaa kipi ununue, kipi umwombe fundi

Kila fundi cherehani hapa Moshi ana salfeti la mabaki chini ya meza. Ukimwamkia vizuri na kumpelekea soda, atakuruhusu uchambue, pengine bure. Ndiyo maana wengi wanaoanza hudhani blanketi la viraka, lile ambalo kamusi zinaliita mfarishi, halina haja ya kununuliwa kitu. Unamwaga salfeti sakafuni, rangi zinawaka, unashona wiki tatu, halafu unatandika kitandani na unakutana na kelele za stendi saa kumi na mbili asubuhi. Kila kiraka kitenge, kila kitenge kina ua kubwa kama sahani. Jicho halina pa kukaa.

Kinachokosekana kwenye salfeti la fundi ni vitambaa vyepesi vya rangi hafifu. Hivyo ndivyo vya kutolea hela, na ndiyo maana namba moja kwangu si kitenge.

Namba moja ni mashati ya kiume ya mitumba, ya pamba tupu. Nenda Memorial, soko letu la mitumba, upite meza za mashati yaliyotundikwa na kupigwa pasi, uende kwenye rundo la kwenye turubai ambako muuzaji anaimba buku, buku. Kola imelika, vifungo viwili havipo, kwapa limepata unjano. Mnunuzi mwingine analitupa shati hilo pembeni, wewe geuza uangalie mgongo. Mgongo wa shati kubwa hukupa viraka 20 hivi vya sentimita 11.5 kwa 11.5, na bado hujagusa mikono wala vifua. Tafuta nyeupe, krimu, bluu ya maji, michirizi myembamba, drafti ndogo ndogo. Angalia lebo ya shingoni iseme 100% cotton. Kama lebo imekatwa, likunje kwa kiganja: pamba hubaki na makunyanzi, poliyesta hujinyoosha kama haikuguswa. Kisha liinue juani. Mahali unapoona mwanga unapenya kama kwenye chujio pamechoka, hapo usikate.

Uzuri wa shati la mtumba ni kwamba limefuliwa mara nyingi kabla halijakufikia. La kurudi limesharudi, la kuchuja limeshachuja.

Namba mbili ndiyo mabaki ya kitenge. Sikidharau, ndicho kinacholipa blanketi uhai, ila si kila kitenge ni pamba, na maandishi kwenye pindo yasikudanganye. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliyesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Cha kishanga mrudishie fundi, maana pasi unayohitaji kulaza mishono ya pamba itakiunguza.

Jaribio la pili sikulifanya, na nililipa. Blanketi langu la kwanza la kuuza lilikuwa na kitenge chekundu kati ya viraka vyeupe. Mteja alilifua mara moja, akanirudishia limekuwa la waridi, na waridi wenyewe wa madoadoa. Siku hizi kila kitenge chekundu, cha damu ya mzee au cha nili nakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kitambaa cheupe kwa nusu saa. Kitambaa cheupe kikitoka na rangi, kitenge kinafuliwa tena hadi kitulie. Kisipotulia kinakuwa kishikio cha sufuria. Mambo ya chumvi na siki nimeyajaribu. Hayakunisaidia.

Kwenye salfeti hilohilo, hasa Desemba na Januari, utakuta mabaki ya sare za shule: bluu, kaki, kijani, tetroni nyingi, yaani kitambaa chenye poliyesta. Ni imara na ni ya bure, inashawishi. Iache. Haikubali mkunjo wa pasi, na ikishonwa kando ya pamba mshono unavimba kama umeng'atwa na nyuki.

Namba tatu ni amerikani, ile pamba isiyopaushwa, rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi. Jina lilikuja na wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuwa wakileta kitambaa hicho pwani yetu karne ya 19. Huuzwa kwa mita na bei yake ni ya chini, lakini kinarudi vibaya: kifue kwa maji ya moto kabla ya kukata. Ukikosa mashati ya kutosha, hiki kinaziba pengo.

Khanga naiweka ya nne, na najua nitagombana na watu. Ni nyepesi kuliko kitenge, kwa hiyo ukichanganya viwili hivyo, khanga ndiyo inayochanika kwanza. Inafaa zaidi ikiwa ni ya mama au bibi na unataka ibaki nyumbani. Kama ni hivyo, litazame jina kabla ya kushika mkasi. Mimi nilikata khanga ya "Wema hauozi" bila kuangalia, sasa mwanangu analala na neno "hauozi" kifuani.

Jinzi ni nzuri ikiwa peke yake, kwa sindano namba 16, bila kuchanganywa na chochote. Satini, jezi na tisheti zinateleza au zinavutika, pita.

Kuchanganya sasa. Blanketi la sentimita 150 kwa 200, viraka vikitoka 10 kwa 10 baada ya kushonwa, linataka viraka 300. Nusu viwe hafifu, yaani mashati na amerikani. Thamanini hivi viwe kitenge chenye maua, sabini vilivyobaki viwe vya giza na kimya: nili, kahawia, kijani cha migomba. Visiguse kitenge kwa kitenge ukiweza. Vipange juu ya godoro, upige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Hapo utashangaa: nyekundu na bluu ulizodhani zinapingana zote ni kijivu kilekile, na kona nzima imelala. Hamisha viraka vya shati hadi kona hiyo iamke.

Mgongo wa blanketi nunua shuka moja pana la mtumba usiunge, katikati tia blanketi la zamani lililochakaa. Baridi ya Julai ya hapa inataka hivyo.

Mashati matano hutoa viraka hafifu vya kutosha. Nunua sita. La sita liweke kabatini bila kulikata, la kuziba pale kitenge kitakapochuja hata baada ya kukiloweka.