Kantini ya wanafunzi Thessaloniki: nilikula pale Kwaresima nzima

Wenzangu wa Makerere mnaojiandaa kwenda Ugiriki kwa muhula wa kubadilishana mnaniuliza kuhusu vyumba, baridi na mitihani. Hayo mtaelezwa na ofisi. Mimi naomba niwaeleze kantini.

Nilikaa Thessaloniki kuanzia Februari hadi Juni 2024. Kadi ya chakula ilinipa mlo wa mchana na wa jioni bila kulipa hata senti, na kwa mtu aliyeuza simu yake apate nauli ya basi la Nairobi kufuatilia viza, hilo si jambo dogo. Ila kadi yenyewe ilichelewa wiki mbili, na siku ya kwanza nilirudishwa mlangoni na njaa yangu. Foleni ya saa saba mchana inafika hadi nje, na matangazo ukutani ni Kigiriki kitupu. Kwa hayo naondoa nyota moja. Nne zilizobaki nazitoa kwa moyo wote.

Mimi ni Mworthodoksi. Kanisa letu hapa Uganda lilianzishwa na Mganda, Reuben Spartas, mwaka 1929, na tangu sekondari naimba kwaya kanisani pale Namungoona, Kampala. "Kyrie eleison", yaani "Bwana, utuhurumie", naiimba hata nikiwa nafua nguo, kwa hiyo nilidhani Kigiriki nakijua kidogo. Siku ya tatu kwenye foleni, kijana aliyekuwa mbele yangu akamwita mzee anayegawa chakula: "Kyrie!" Nilishtuka. Neno nililozoea kumwitia Mungu, yeye anaombea mkate! Kumbe kwao ni "bwana" tu, la kila siku, na mama wa upande wa supu ni "kyria". Hata "efharisto", asante yao, ndani yake mna Ekaristi yetu. Tangu hapo nikawa natega sikio foleni nzima, kuliko hata darasani.

Siku nyingine nikamwuliza kyria kama wali upo. Akainua kichwa, nyusi zikapanda, akagonga ulimi: "ts". Jamani, nimesonywa na mtu mzima mbele ya watu! Nikaenda kukaa na sinia langu, machozi yakinilengalenga, mpaka msichana wa mji wa Larissa niliyekaa naye bweni moja akanielewesha kwamba hiyo ndiyo hapana yao. Na "ne", ambayo sikio la Kampala linaisikia kama mwanzo wa "nedda", hapana ya Kiganda, maana yake ni ndiyo. Jifunzeni haya mawili kabla ya kupanda ndege.

Sasa chakula. Jumatatu Safi, siku Kwaresima yetu inapoanza, ilikuwa tarehe 18 Machi, na kuanzia hapo kila siku palikuwa na chungu cha wanaofunga: bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Fasolada ni maharagwe meupe yaliyopikwa na karoti, nyanya na majani ya seleri, halafu mafuta ya zeituni yanamiminwa mpaka yanaelea juu kama macho madogo ya dhahabu. Wagiriki wengi watakuambia hicho ndicho chakula cha taifa, si nyama za kuchoma za kwenye picha. Unachovya mkate, unaacha bakuli jeupe. Posho, ugali wetu, niliikumbuka, siwadanganyi, lakini maharagwe yale yalinifanya nijisikie nimeketi na watu wa kwetu. Dengu zao ni za kawaida, na tambi zilikuwa zinapoa kabla hujafika mezani.

Wiki ya Pasaka kantini ilifungwa, lipangieni hilo mapema. Msichana wa Larissa alinichukua kwao. Usiku wa manane, mishumaa mkononi, wakaanza "Christos anesti", Kristo amefufuka, na mimi nikaimba nao hadi mwisho bila karatasi. Bibi yake aligeuka akanitazama, kisha akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani kugonganisha mayai mekundu.

Kitu kimoja nilikibeba kurudi: chupa mbili za tahini, ufuta uliosagwa ukawa laini, ile waliyokuwa wakitupakia kwenye mkate pamoja na asali siku za mfungo. Mama yangu, kule Gulu ambako ufuta na karanga husagwa pamoja kuwa odii, alifungua moja, akachovya kidole, akaonja, akaonja tena. Akasema, "Mwanangu, hii ni odii. Karanga tu ndizo wamesahau."