Mashine ya ozoni kwenye duka la maji: inafaa, ila pima pH kwanza

Tangu mwaka jana ninatumia mashine ndogo ya ozoni, gesi inayopulizwa majini ili kuua vijidudu, katika duka langu la kujaza maji hapa Arusha, na kwa jumla nimeridhika nayo. Hata hivyo, kijitabu chake cha maelekezo hakisemi lolote kuhusu jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua mapema, yaani kiwango cha asidi katika maji yenyewe, kinachopimwa kwa pH (ikiwa ndogo, asidi ni nyingi).

Maji ya kisima ninayoyatumia yana magadi na floraidi, kwa hiyo huyapitisha kwanza kwenye mashine ya RO, yaani ya kuchuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando. Utando wake huzuia chumvi na magadi lakini huiachia kabonidayoksaidi ipite, na ndiyo maana maji yanayotoka huwa na asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 6, ilhali ya kisimani huzidi 8. Tofauti hiyo, ndogo kwa macho, ina maana kwamba ioni za haidroksidi (chembe zinazoyapa maji hali ya magadi, kinyume cha asidi) zimepungua zaidi ya mara 100, kwani kila hatua moja ya pH ni mara 10. Nazo ndizo zinazoanza kuivunja ozoni, kwani zikikutana nayo huzalisha radikali, yaani chembe zenye pupa ya kuungana na nyingine, na radikali hizo huvunja molekuli nyingine za ozoni kwa mfululizo. Johannes Staehelin na Jürg Hoigné waliupima mwanzo wa mfululizo huo nchini Uswisi na kuchapisha matokeo mwaka 1982. Penye asidi mfululizo huchelewa, ozoni ikadumu na kuua vijidudu yenyewe.

Mimi hulithibitisha hilo kwa kipimo cha indigo, ambacho buluu yake hupauka kadiri ozoni inavyokuwa nyingi. (Dawa yake hutiwa asidi makusudi, ili ozoni isivunjike kabla ya kupimwa.) Maji ya kisimani yakipuliziwa ozoni na kuachwa yatulie, buluu hubaki karibu yote, ya RO huendelea kuipausha.

Kwa sababu hiyo siukubali ushauri wa muuzaji wa kupuliza maji yote kwa muda uleule. Maji ya RO yanahitaji muda mfupi, kisha yapumzike kabla ya kujazwa, la sivyo mteja atapokea dumu lenye harufu kali. Ningeinunua tena, mradi iuzwe pamoja na kipimo cha pH, na mrija wa silikoni badala ya ule wa mpira, ambao ozoni iliupasua mapema.