Kadi za vitenzi vya ndovu: mkonga umewekwa sawa, sauti imekosewa

Kifurushi hiki cha kadi 40, shilingi 350 katika maduka ya vifaa vya shule hapa Mombasa, kimekusudiwa wanafunzi wa insha na madereva wanaopeleka wageni Tsavo Mashariki. Upande mmoja una picha, wa pili kitenzi na sentensi. Waliochagua neno "ndovu" wamefanya vyema. Pwani tembo ni pombe ya mnazi, hugemwa.

Kadi za mkonga ndizo zinazostahili pesa yako. Badala ya "anakula", unapewa mfululizo mzima: ndovu anazungushia nyasi mkonga, anazing'oa, anazikung'uta mguuni ili udongo udondoke, ndipo anazitia kinywani. Ncha ya mkonga wa ndovu wa Afrika ina vidole viwili, kwa hivyo "kudokoa" na "kupapasa" vimekaa mahali pake. Kadi ya maji peke yake ndiyo inayopotosha: "anakunywa kwa mkonga." Mkonga ni pua. Anavuta maji, anaukunja, anayamimina kinywani. Ndama naye hunyonya kwa kinywa, si kwa mkonga.

Kwenye sauti, kitenzi ni kimoja tu, "kunguruma". Hicho tuwaachie simba na radi. Ndovu wanapoitana kwa ile sauti nzito inayofika kilomita kadhaa, na ambayo sehemu yake sikio la binadamu haliipati, wanarindima, kama ngoma ya mtaa wa pili. Akishtuka au akihamaki, hulia kama baragumu. Mtoto akichanganya sauti hizi mbili, msomaji hatajua kama kundi limetulia au limetibuka.

Kosa zito liko kwenye kadi ya "anashambulia". Picha inaonyesha ndovu aliyetanua masikio na kuinua kichwa. Mara nyingi huyo anatisha: anatikisa kichwa, anatimua vumbi, anasita ghafla. Anayevamia kwa dhati mara nyingi hulaza masikio na kukunja mkonga. Si kanuni ya kutegemea mbugani. Dereva arudishe gari nyuma kwanza, kitenzi kitafuata.

"Kuruka" itolewe kabisa, maana ndovu mzima hawezi kuruka. Nafasi yake ipewe "kunyata": nyayo zake zina mto wa mafuta, na mwili mzito vile hupita karibu bila kishindo. Inashangaza pia kukosa "kugaagaa" na "kujirushia vumbi", ilhali ndovu wa Tsavo wanaonekana wekundu kwa sababu ya udongo huo huo.

Karatasi ni nyepesi na unyevu wa Pwani utaikunja. Zipigwe lamineti kabla ya kuingia darasani. Mwalimu anaweza kununua, mradi aondoe kadi nne, za maji, sauti, shambulio na kuruka, aziandike upya kwa mkono.