Spirometri ao pikiflo: hapa Goma unakamata gani?

Mutu wa asma akikuya, miye nakamata kwanza pikiflo, ile katiyo ka plastiki kenye kanapima nguvu ya kupuliza. Bei iko chini, haiombe umeme (na umeme ya hapa munaijua). Anasimama, anapuliza mara 3 kwa nguvu, unaandika namba kubwa. Anaenda nayo ku nyumba, asubui na mangaribi, wiki 2, na akirudi na kakaratasi yake unaona kama namba inapanda na kushuka sana, ile njo alama ya asma.

Lakini kwa mama mwenye amepika na makala miaka 30 na anakohoa kila siku, pikiflo haitakuambia kama ni BPCO (ugonjwa wa mapafu wa kudumu, njia za pumzi zinafungana), apo ni spirometri tu, ile mashini yenye inapima pumzi yote na mbio yenye inatokea nayo. Na spirometri iko na mateso yake: juzi mama mumoja alipuliza sekunde 2 akaachilia, mashini ikaandika eti mapafu yake ni madogo, kumbe ni pumzi njo ilikatwa! Tulirudilia, "puliza mama, bado, bado, bado!", mupaka akatoa machozi, lakini kurbe (ule mustari wa pumzi wenye mashini inachora) ikakuya muzuri. Tukamupa salbutamol (dawa ya kufungula njia za pumzi), tukangoja dakika 15, akapuliza tena, VEMS (pumzi ya sekunde ya kwanza) kugawanya na CVF (pumzi yote yenye anatoa) ikabakia chini ya 0,70. BPCO iyo.