Kumkaripia anayesumbua, au kumsifu anapotulia?

Tangu elimu ya msingi bila ada (UPE) ilipoanza Uganda mwaka 1997, madarasa mengi yamefurika, na jicho la mwalimu limekuwa kitu cha kugombaniwa. Mtoto anayegonga dawati jijini Kampala au Busia huitwa jina lake mara moja. Aliyeinamia daftari haitwi.

Karipio hunyamazisha papo hapo, ndiyo maana tunalipenda. Lakini kwa mtoto mwenye njaa ya kutazamwa, ukali nao ni malipo: mwalimu amemgeukia, wenzake wamecheka. Kesho atagonga tena. Wapo pia wanaofurahia zaidi kubembelezwa au kuulizwa "una nini mwanangu?" kila wanapovuruga, kwa hiyo upole uliokosea wakati hulea tatizo vilevile.

Njia ya pili ni kuupita usumbufu mdogo kimya, kisha kumwendea akiandika: "Naam, hesabu hii umeipanga vizuri." Mwaka 1968, watafiti Hall, Lund na Jackson walionyesha huko Kansas, Marekani, kwamba walimu walipofanya hivyo wanafunzi walijishughulisha zaidi na masomo, na jicho la mwalimu lilipohamishiwa nyakati ambazo hawasomi, bidii ilishuka.

Nachagua ya pili, ingawa inachosha: mtoto anapopuuzwa huenda akazidisha fujo kwanza, na hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa. Anayepiga wenzake hapuuzwi. Azuiwe mara moja, kwa maneno machache. Kiboko hakimo katika hesabu hii, maana sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekipiga marufuku shuleni.